Sanduku la DJ limekuwa jepesi, lakini ngoma zetu ziko wapi?

Mwaka jana, kwa harusi moja huko Gilgil, diski yangu ya nje ilianguka kutoka juu ya spika. Nilikuwa nimeiweka hapo kwa sababu meza ilikuwa ndogo. Muziki ukakatika, watu wakanipigia mluzi, nikaokoa jioni na flashi ya rafiki yangu. Mluzi nimezoea. Kilichoniuma ni kwamba ndani ya hiyo diski kulikuwa na santuri za anko wangu, zile tulirekodi kwa kompyuta wiki tatu nzima baada ya mimi kuacha campo. Hazikuwa mahali pengine popote. Na anko alikuwa ameshauza santuri zenyewe, kwa sababu mimi ndiye nilimwambia, "Anko, usijali, ziko salama kwa kompyuta."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia vile ma-DJ wa zamani walibeba muziki wao. Nimeona kosa langu ni la zamani kuliko mimi. Kila tulipohama kutoka chombo kimoja kwenda kingine, tulifurahia wepesi, hatukuhesabu ngoma zilizobaki nyuma.

Tuanze na mzigo. Santuri moja kubwa pamoja na jalada lake ni karibu robo kilo. Beba 100 na umebeba kilo 25, na bado 100 hazitoshi usiku mzima kama hujui watu wanataka nini. Mashine ambayo ma-DJ wengi waliipenda, Technics SL-1200, ilitoka Japani mwaka wa 1972. Injini yake ilizungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, kwa hivyo ilishika kasi haraka na ilivumilia mkono wa DJ.

Miaka hiyo Nairobi ilikuwa inachapa santuri zake yenyewe. Super Mazembe na Les Mangelepa, bendi zenye mizizi Kongo, zilifanya makao hapa. Benga ya D.O. Misiani ilisambaa kwa zile santuri ndogo za 45. Upande mmoja wa 45 hubeba dakika chache tu, kwa hivyo wimbo mrefu ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. DJ aliyetaka kuunganisha sehemu zote mbili bila kuwasimamisha watu alihitaji nakala mbili za santuri ileile.

Hapo ndipo penye siri. Santuri ilikuwa nzito na ya bei, lakini haikuwa moja. Nakala zilitawanyika kwa nyumba za watu, baa na studio za redio. Ndiyo maana hadi leo ukienda Kenyatta Market, Nairobi, utapata kibanda kinauza santuri za kabla mamako hajazaliwa. Moja ikivunjika Nakuru, nyingine iko Kisumu chini ya kitanda cha mtu.

Kaseti ilifuata. Philips waliitoa mwaka wa 1963, na ilipofika mikononi mwa kila mtu huku kwetu ilibadilisha biashara yote. Ilikuwa ndogo, iliingia kwa matatu, na mtu yeyote mwenye redio ya kaseti mbili angeweza kunakili. River Road ikajaa kaseti halali na za magendo. Wasanii walilia kwa haki, na santuri zikapoteza soko. Lakini si kila wimbo wa santuri ulipewa kaseti. Ule ambao haukuwa unauza uliachwa pale ulipokuwa.

CD zilianza kuuzwa mwaka wa 1982, kazi ya Sony na Philips. Kwa DJ zilikuwa na shida moja, hungeweza kuzishika kama santuri. Pioneer walijibu hilo mwaka wa 2001 na CDJ-1000, yenye gurudumu kubwa juu ambalo unasukuma na kurudisha kwa mkono. Kilo 25 zikawa mkoba wa kubeba kwapani. Huku kwetu miksi zikauzwa mitaani kwa CD na DVD, na matatu zikawa ndizo redio zetu za kweli.

Halafu kompyuta. MP3 ilitoka kwa watafiti wa Fraunhofer huko Ujerumani, na lile jina la .mp3 lilichaguliwa mwaka wa 1995. Ngoma ya dakika nne ambayo kwa CD inakula karibu megabaiti 40, kwa MP3 nzuri ya 320 inakula kama 10. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya N2IT ya Amsterdam ilileta Final Scratch, na mwaka wa 2004 Serato wa New Zealand wakishirikiana na Rane wakaleta Scratch Live. Santuri iliyo kwa mashine haina wimbo, ina mlio maalum tu. Kompyuta inasikiliza huo mlio, inajua mkono wako uko wapi, halafu inacheza faili kutoka kwa diski. Mkono wa zamani, sanduku jipya.

Hapa Kenya, kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti. Ilikuwa ghali na polepole. Kwa hivyo ngoma zilitembea kwa mkono, kutoka saiba hadi flashi, flashi hadi laptopu. Zikafika nyingi zikiwa zimepoteza majina. Fungua folda ya DJ yeyote wa enzi hizo uone "Track 01" ngapi. Wimbo usio na jina huwezi kuutafuta, na usioutafuta hutaucheza.

Sasa kuhusu ile diski yangu. Diski ya kawaida ina sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa kinachosoma kikielea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Mwaka wa 2022 Raymond Chen wa Microsoft alisimulia kisa cha kampuni iliyogundua kwamba wimbo wa Janet Jackson, "Rhythm Nation", ulizima laptopu fulani za zamani. Sauti moja ndani yake ililingana na mtetemo wa diski zao. Hata laptopu iliyokuwa karibu tu, bila kucheza chochote, ilizima. Na mimi niliweka yangu juu ya spika ya besi!

Kwa hivyo, ukinunua laptopu ya ex-UK leo, angalia diski kabla ya kuangalia rangi. Chukua yenye SSD, kwa sababu haina kitu kinachozunguka ndani. Flashi ya gigabaiti 64 inabeba zaidi ya ngoma 6,000, na tangu CDJ-2000 ya mwaka wa 2009 unaweza kuingia klabu na flashi peke yake. Ifomati kwa FAT32, kwa sababu mashine nyingi za zamani hazisomi NTFS. Beba mbili zenye vitu sawa. Nakala ya tatu iache nyumbani, na isitoke.

Utaniambia, si kila kitu kiko kwa mtandao? Mwaka wa 2020 Spotify ilijitoa kwenye programu za DJ, na waliokuwa wakiitegemea wakabaki na orodha za nyimbo ambazo hawangeweza kucheza. Unachokodisha si chako, hata kama kiko kwa simu yako. Na nyimbo nyingi za zile 45 hazijawahi kufika huko mtandaoni.

Zikifika, ni kwa sababu mtu mmoja alijali. Joseph Kamaru, mfalme wa muziki wa Kikuyu, alifariki mwaka wa 2018. Mjukuu wake, msanii KMRU, ndiye amekuwa akizirudisha nyimbo za babu yake hewani, moja baada ya nyingine. Fikiria wangapi hawana mjukuu kama huyo.

Anko hakunikasirikia. Aliniuliza tu, "Na ile ilichezwa siku ya harusi yetu?" Sikuwa na jibu. Sasa kila mwezi nikilipwa napita Kenyatta Market na orodha tuliyoandika naye kwa daftari. Nimepata tisa. Nimezirekodi, nimeandika jina la kila msanii, na nakala ziko sehemu tatu, moja kwa anko mwenyewe.

Ile ya harusi bado natafuta. Kama kwenu kuna sanduku la santuri chini ya kitanda, usiwaambie wauze. Zirekodi kwanza, na hata ukimaliza, usiuze.