Merikebu "Zong" na Neno "Shehena"

Miongoni mwa maneno ya bandarini yaliyokwisha kupata makazi katika Kiswahili ni shehena, yaani mizigo ichukuliwayo na chombo. Historia ya merikebu moja ya Waingereza ya karne ya 18 yaonyesha kwamba mfasiri hana budi kulitumia neno hili kwa uangalifu.

Merikebu hiyo ilikuwa ya Waholanzi, nayo iliitwa Zorg, maana yake "uangalizi". Mwezi Februari 1781, wakati wa vita, Waingereza waliiteka katika pwani ya Afrika Magharibi. Ikanunuliwa kwa niaba ya wafanyabiashara wa Liverpool walioongozwa na William Gregson, na jina likageuka kuwa Zong. Nahodha wake, Luke Collingwood, alikuwa tabibu wa merikebu.

Mwezi Agosti iliondoka Accra na Waafrika 442, idadi kubwa mno kwa chombo cha kiasi chake. Kwa kukosea njia, mabaharia waliipita Jamaica wakidhani ni kisiwa kingine. Kuanzia tarehe 29 Novemba, kwa madai ya upungufu wa maji, waliwatosa baharini watu wapatao 130. Mvua ilinyesha kabla ya mauaji kwisha. Tarehe 22 Desemba merikebu ilitia nanga Jamaica na watu 208.

Wenye chombo walidai bima ya paundi 30 kwa kila aliyetoswa, wakitegemea kanuni ya kutosa sehemu ya shehena ili kuokoa iliyobaki. Machi 1783 baraza la waamuzi liliwapa haki. Mei, Jaji Mkuu Lord Mansfield na wenzake waliamuru kesi isikilizwe upya. Wakili John Lee alishikilia kwamba waliotoswa walikuwa bidhaa. Granville Sharp, aliyepashwa habari na Olaudah Equiano, alitaka wauaji washtakiwe. Hakushtakiwa hata mmoja.

Kwa Kiingereza, kitenzi hakionyeshi kama kilichotoswa ni mtu au gunia. Kiswahili hakitupi kimbilio hilo: hatuna budi kuandika "ilitoswa" au "walitoswa". Kwa rai yetu, hoja za mawakili zifasiriwe kama zilivyo, "shehena ilitoswa", ndani ya alama za kunukuu, ili msomaji ajue sheria ilivyowahesabu watu hao. Lakini maelezo ya mwandishi, vichwa vya sura na vitabu vya shule viseme: watu walitoswa.