Oktoba 31: Usiku wa Watoto Kupiga Hodi

Katika Makumbusho ya Taifa ya Ireland yanayohifadhi maisha ya vijijini, karibu na mji wa Castlebar, kuna sura ambayo mtoto mdogo akiiona huenda akamkimbilia mama yake. Macho yamezama, meno ni machache, ngozi imekunjamana. Ni mfano wa plasta wa taa iliyochongwa kwenye tanipu, mzizi mnene unaolimwa kwa chakula cha watu na mifugo, na taa yenyewe ilitoka Fintown katika kaunti ya Donegal. Taa za namna hiyo ziliwashwa usiku wa Oktoba 31. Boga la rangi ya chungwa linalochekelea leo kwenye baraza za nyumba za Marekani ni mjukuu wake.

Asili ya usiku huo ni Samhain, sikukuu ya Waselti wa kale wa Ireland. Mavuno yalikuwa yamekwisha ingizwa ghalani, ng'ombe wameteremshwa kutoka malisho ya milimani, na majira ya baridi yakibisha. Watu waliamini kuwa katika saa hizo wafu na viumbe wasioonekana huweza kutembea miongoni mwa walio hai, kwa hiyo waliwasha mioto mikubwa. Kanisa nalo likaweka Sikukuu ya Watakatifu Wote Novemba 1, tarehe iliyoenea Ulaya Magharibi katika karne ya 9, kisha Kumbukumbu ya Marehemu Wote ikafuata Novemba 2. Ni kalenda ileile inayowapeleka Wakatoliki wa Kigoma na Mombasa makaburini kila mwaka. Halloween, yaani usiku wa Oktoba 31, ni mkesha wa Watakatifu Wote.

Watoto waliingiaje humo? Kwa njia ya mlango wa jirani. Katika Uingereza ya zamani maskini walipita nyumba kwa nyumba wakipewa vikate vitamu, nao wakaahidi kuwaombea marehemu wa nyumba hiyo. Huko Scotland na Ireland watoto walijipaka masizi usoni, wakavaa nguo kuukuu za wakubwa na kuzunguka mitaani. Hawakupewa kitu bure: ilibidi mtoto aimbe, akariri shairi au atoe kichekesho ndipo apate tufaha au konzi ya njugu. Huo ulikuwa utaratibu mzuri, kwani mtoto wa miaka sita alijifunza kusimama mbele ya wakubwa na kustahili alichopewa.

Njaa iliyoletwa na ugonjwa wa viazi ulioikumba Ireland kuanzia 1845 iliua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni moja kutoka nchini mwao. Wengi walivuka bahari hadi Amerika Kaskazini, wakabeba mkesha wao. Ng'ambo walikuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga kuliko tanipu. Tanipu ikasahaulika.

Lakini Halloween ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 haikuwa sikukuu ya watoto wadogo hata kidogo. Vijana waliangusha vyoo vya nje, wakapaka madirisha sabuni na kufungulia mifugo. Mjini Anoka, Minnesota, wakazi walichoka kuamka na kuwakuta ng'ombe wakirandaranda katika barabara kuu. Mwaka 1920 viongozi wa mji waliandaa maandamano ya watoto na kuwagawia vitafunio, ili usiku uwe na shughuli nyingine kuliko uharibifu. Miji mingi ilifuata njia kama hiyo. Hapo ndipo ulipokomaa mkataba unaojulikana leo: mtoto aliyevaa sura ya mzimu hubisha hodi, na mwenye nyumba huchagua ampe kitu kitamu au achezewe shere. Vita Kuu ya Pili iliusitisha kidogo, maana sukari iligawiwa kwa kipimo Marekani kuanzia 1942 hadi 1947. Ilipoachiwa, vitongoji vipya vilikuwa vimejaa watoto.

Katika historia yote hii, familia inayostahili kukumbukwa kuliko zote ni ya mchungaji Clyde Allison na mkewe Mary Emma. Siku moja mjini Philadelphia, Mary Emma na watoto wake walifuata maandamano ya watoto hadi ndani ya duka kubwa, wakakuta kibanda cha UNICEF kikichangisha fedha za maziwa ya unga kwa watoto walioathiriwa na vita. Halloween ya 1950 watoto wa Allison walipita kwa majirani wakiomba senti badala ya pipi. Walipata dola 17. Mpango uliotokana na hodi hizo umekwisha changia UNICEF zaidi ya dola milioni 150.

Hofu nayo ilikuja. Mwaka 1974, huko Deer Park, Texas, mtoto wa miaka minane alikufa kwa pipi yenye sayanaidi, na tangu hapo mamilioni ya wazazi wamekagua mifuko ya wanao kwa wasiwasi. Aliyemtilia sumu hakuwa jirani, alikuwa baba yake mzazi, aliyetaka fedha za bima. Mwanasosholojia Joel Best amechunguza taarifa za namna hii kuanzia zile za 1958. Hajapata kisa kilichothibitishwa cha mtoto kuuawa na pipi ya mtu baki aliyekuwa akigawa mlangoni.

Kinachoua ni gari. Uchunguzi wa takwimu za Marekani za miaka 42, kuanzia 1975, uligundua kuwa hatari ya mtembea kwa miguu kugongwa na kufa jioni ya Halloween ni kubwa kwa asilimia 43 kuliko jioni nyingine za karibu, na watoto wa miaka minne hadi minane ndio walio hatarini zaidi.

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, sasa zinalea watoto Amerika Kaskazini. Baadhi hazishiriki kwa sababu za imani, na huo ni uamuzi wa kuheshimiwa. Kwa zile zinazoshiriki, watoto wadogo watembee na mtu mzima, wapige hodi mapema kabla giza halijashika, wavae nguo za rangi nyeupe au ya kung'aa, na uso upakwe rangi badala ya kufunikwa barakoa inayoziba macho. Na anayeendesha gari jioni hiyo, hata kama sikukuu hiyo haimhusu, apunguze mwendo.