Mwandamo wa Dawa: Istilahi Iliyopuuzwa na Kuzimia Kusikokuwa "Pembeni"

Tafsiri nyingi za Kiswahili za maelezo ya vidonge vya shinikizo la damu, ugonjwa ambao mitaani huitwa presha, hutumia kichwa cha habari "madhara ya pembeni", na chini yake huorodhesha kizunguzungu, kikohozi kikavu, kuvimba vifundo vya miguu, uchovu na kuzimia. Dhana inayokusudiwa haihitaji maelezo marefu, kwa kuwa kila aliyewahi kumeza dawa anaijua: ni lile jambo ambalo daktari hakulikusudia alipoandika dawa, lakini likajitokeza mwilini kwa sababu ya dawa hiyohiyo. Linalohitaji maelezo ni jinsi lugha yenye hazina kubwa ya vitenzi ilivyokubali kuiita dhana hiyo kwa maneno mawili ambayo kila moja limekosea kwa namna yake, ilhali neno mwandamo, lililo katika vinywa vya Waswahili tangu kale, linaendelea kupuuzwa na wale waliopewa dhamana ya kulipima.

Kipimo kizuri cha istilahi yoyote katika uwanja huu ni prazosini, dawa ya shinikizo la damu iliyoanza kutumika katika miaka ya 1970 na ambayo ni ya kundi la vizuizi vya alfa, yaani dawa zinazoziba vipokezi vya alfa vilivyomo katika kuta za mishipa ya damu. Vipokezi hivyo hupokea amri ya neva ya kuibana mishipa. Vikizibwa, mishipa hulegea na kutanuka, na shinikizo hushuka, jambo ambalo ndilo lililotakiwa. Hata hivyo, mtu anaposimama, kiasi cha nusu lita ya damu au zaidi huteremkia miguuni na tumboni, na mwili wenye afya hujibu papo hapo kwa kuibana mishipa ili damu irudi moyoni. Aliyemeza prazosini kwa mara ya kwanza huweza kukosa jibu hilo: mishipa hukaa imelegea, damu hubaki chini, ubongo hupungukiwa damu kwa sekunde chache, na mtu huanguka. Miongoni mwa waliopewa miligramu 2 au zaidi kuwa dozi ya kwanza, takriban asilimia 1 walizimia, na aghalabu tukio hilo lilitokea kati ya dakika 30 na dakika 90 baada ya kumeza.

Kabla ya kuligeukia jina la jumla, inafaa kuangaliwa jina la tukio lenyewe, kwa sababu hata hapo mikono ya watunga istilahi imepita. Kiswahili kina kuzimia na kuzirai, vitenzi viwili vinavyoeleweka kutoka Lamu hadi Lubumbashi, na cha kwanza kimejengwa kwa ustadi: zima, tendo la kuondoa mwanga wa taa au moto, limetiwa kauli ya kutendea, likapata maana ya kutokewa na giza kwa muda, kwa kuwa taa iliyozimwa huweza kuwashwa tena. Vijana wa Dar es Salaam wamelipeleka neno hilohilo kwenye mapenzi, wakasema "nakuzimia", na hakuna mgonjwa aliyewahi kuchanganyikiwa kwa sababu hiyo. Licha ya utajiri huo, baadhi ya miongozo imeling'ang'ania fungu la maneno "kupoteza fahamu", ambalo linamhusu aliyeanguka kwa sekunde kumi akainuka na vilevile aliyelala wiki tatu bila kujitambua baada ya ajali. Kwa nini watu wenye kitenzi kimoja kilicho sahihi waazime maneno mawili yasiyo sahihi, ni swali ambalo kamati za istilahi hazijawahi kulijibu.

Tukirudi kwenye madhara ya pembeni, neno la kwanza lina mzizi wa Kiarabu uliozaa pia dhuru na dharura, na katika Kiswahili halijawahi kuwa na maana nyingine zaidi ya hasara au uharibifu: moshi wa sigara una madhara, mafuriko yana madhara. Kumwambia mgonjwa kwamba kidonge alichopewa kina madhara ni kumwambia kwamba kitamharibu, na haishangazi kwamba baadhi ya wagonjwa, wakishasoma au kusomewa neno hilo, hukiacha kidonge na kubaki na presha inayopanda kimyakimya. Zaidi ya hayo, si kila lisilokusudiwa ni hasara. Minoksidili ilianza kuwa kidonge cha kushusha shinikizo la damu lililoshindikana kwa dawa nyingine. Waliokitumia wakaota nywele mahali pasipotarajiwa, na kufikia mwaka 1988 dawa hiyo ilikuwa imeidhinishwa Marekani kwa kupakwa kichwani na wenye upara. Vizuizi vya alfa navyo, kwa kuwa hulegeza pia misuli ya shingo ya kibofu na ya tezi dume, vimewasaidia wazee wengi kukojoa kwa nafuu. Mwenye kuziita nywele na nafuu hiyo madhara hana budi kueleza ni nani aliyedhurika.

Neno la pili lina kasoro kubwa zaidi. Pembeni ni pembe iliyotiwa kiambishi cha mahali, na pembe ni ya ng'ombe au ni ya chumba. Kilicho pembeni kiko mbali na katikati na hakihusiani na shughuli inayoendelea hapo. Prazosini inaonyesha wazi kwamba picha hiyo ni ya uongo. Kulegea kwa mishipa kunakomponya mgonjwa ndiko kulekule kunakomwangusha, kwa njia ileile, kupitia vipokezi vilevile, ila kumezidi kiasi au kumekuja ghafla. Hakuna pembe yoyote hapo, na waliolileta neno hilo walitafsiri neno la Kiingereza lenye maana ya upande bila kuuliza kama upande huo upo.

Washindani wengine wa istilahi hiyo wanastahili kutendewa haki, ingawa haki hiyo haitawafikisha mbali. Athari za kando, zinazopendwa na wasomi wanaojua kwamba matabibu wa Kiarabu husema āthār jānibiyya, zina nafuu kwa kuwa athar katika Kiarabu ni alama inayobaki, kama wayo kwenye mchanga, na haihukumu wema wala ubaya. Lakini kushuka kwa shinikizo nako ni athari ya dawa, hivyo kazi yote ya kutofautisha inabebwa na kando, neno lenye ugonjwa uleule wa pembeni. Maudhi madogo madogo, fungu la maneno lililoenezwa Tanzania na wahudumu wa uzazi wa mpango wanapowaeleza wanawake kuhusu vidonge vya majira, ni Kiswahili kitamu na cha kiungwana. Tatizo lake ni udogo wake. Kichefuchefu ni udhia, na kinywa kikavu ni udhia, lakini mama anayezimia akiwa ameinamia sufuria ya ugali jikoni hajaudhiwa, ameunguzwa. Neno linalofaa kichefuchefu likashindwa kuzimia halifai kuwa jina la jumla.

Jina linalobeba yote mawili ni mwandamo wa dawa, kwa wingi miandamo ya dawa. Chanzo chake ni kitenzi andama, yaani kufuata kwa karibu bila kuachana na kinachofuatwa, na nomino yake imeundwa kwa kanuni ileile iliyozaa mwendo kutoka enda, mchezo kutoka cheza na msemo kutoka sema, kwa hiyo haimdai msemaji sarufi yoyote mpya. Waswahili wa pwani hulisikia kila mwisho wa Shaabani, mwezi wa Ramadhani unapoandama, na mwandamo wa mwezi ni kuonekana kwa mwezi mpya baada ya ule uliokwisha: jambo linalokuja baada ya jingine, kwa mpangilio, na linalotazamiwa hata kama siku yake haijulikani kwa hakika. Kitenzi hicho pia kina upande wake mchungu, kwani mtu huandamwa na balaa, huandamwa na madeni, huandamwa na maneno ya watu, na katika mifano yote hiyo kinachomwandama hakukiita. Mambo matatu yanayohitajiwa na dhana ya kitabibu, yaani kuja baada ya kingine, kuambatana nacho na kuja bila kualikwa, yamo ndani ya mzizi mmoja wa Kibantu, na hukumu ya wema au ubaya imeachiwa muktadha. Zile dakika 30 hadi 90 kati ya kidonge na kuanguka ni mwandamo kwa maana halisi ya neno.

Pingamizi zinazotolewa dhidi ya istilahi hii ni mbili, na ubora wake haulingani na sauti inayotumika kuzitoa. Ya kwanza ni kwamba neno limekwisha kuchukuliwa na mwezi. Pingamizi hiyo ingekuwa na uzito kama Kiswahili kisingekuwa na mzio, neno la kale la chakula ambacho mtu hukatazwa kula, ambalo leo ni istilahi iliyokubalika ya mwili kukataa karanga, vumbi au penisilini. Hakuna aliyelia kwamba mzio ulikuwa umechukuliwa na mwiko. Ya pili ni kwamba msomaji atakumbuka maandamano ya barabarani na mabomu ya machozi. Inashangaza kwamba hofu hiyo inatoka miongoni mwa watu walewale ambao hawakuona tabu kulipokea neno mwandamizi, ambalo kwa asili ni mfuasi au anayekuja nyuma ya mwingine, na kulifanya jina la aliyetangulia kwa cheo, hata leo afisa mwandamizi ndiye anayefuatwa na mhadhiri mwandamizi ndiye aliye mbele. Mzizi uliostahimili kupinduliwa kichwa chini kwa ajili ya vyeo vya ofisini hauwezi kushindwa kubeba maana yake halisi katika chumba cha daktari. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuliwasilisha pendekezo hili mahali panapohusika, likapokewa kwa shukrani za maandishi na kurejeshwa bila hoja, na orodha iliyochapishwa baadaye ikatoka na pembeni mahali pake.

Matumizi yenyewe ni mepesi. Kuzimia kwa prazosini ni mwandamo wa dozi ya kwanza. Kuvimba vifundo vya miguu ni mwandamo wa amlodipini. Kikohozi kikavu ni mwandamo wa kaptoprili, kwa sababu dawa hiyo huzuia kuvunjwa kwa bradikinini, kemikali ya mwili inayowasha njia ya hewa. Usingizi wa mchana ni mwandamo wa methildopa. Mgonjwa huandamwa, dawa huandama, na mwandamo ukileta uharibifu wa kweli, hapo ndipo neno madhara litumike kwa haki yake yote, huku mwili unaoikataa dawa kwa vipele na kuvimba uso ukibaki na jina lake la mzio. Anayeanza kizuizi cha alfa hupewa dozi ndogo, kwa prazosini isiyozidi miligramu 1, aimeze wakati wa kulala, aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, alale chini akihisi kisunzi, na asiache wala kurudia dawa aliyoikatiza bila kumwona daktari, kwa kuwa dozi ya kurudia baada ya siku kadhaa huandama kama ya kwanza.

Istilahi ya tiba hupimwa kwa anayeimeza dawa kabla ya kupimwa kwa anayeiidhinisha orodha. Madhara ya pembeni yamemtisha mgonjwa kwa neno la kwanza na kumdanganya kwa neno la pili, na kudumu kwake katika machapisho ni ushahidi wa uzembe wa kunakili kuliko ushahidi wa ubora. Wafasiri wa maelezo ya dawa, wahariri wa magazeti na walimu wa vyuo vya uuguzi wanaombwa waandike mwandamo wa dawa kuanzia chapisho lao lijalo, wasisubiri muhuri wa mtu, kwa maana mwezi wenyewe haujawahi kusubiri kikao ili uandame.