Kelele Zilivyofika Kasongo na Kabambare

Mwezi Januari 1894, mashariki ya Kasongo katika Maniema, kombora la mzinga wa Krupp liliangukia ghala la baruti ndani ya boma la mfanyabiashara wa Kiarabu Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani. Nyasi za paa zilishika moto, baruti ikalipuka, na kabla ya mwezi kwisha askari wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji walikuwa wameingia Kabambare. Kasongo ya mfanyabiashara Tippu Tip, ile ya zamani iliyokuwa Tongoni, kamanda wao Dhanis alikwisha kuiteka tarehe 22 Aprili 1893. Mmoja wa walioisimulia vita hiyo kwa kirefu, Sidney Langford Hinde, alikuwa daktari wa msafara huo. Lakini sisi tuliorithi simulizi tunauliza habari za pembe za ndovu, mateka na maiti. Masikio ya walionusurika hatuyaulizi.

Nayo yanastahili kuulizwa. Gobori likifyatuliwa, mshindo wake hupita desibeli 140, na mshindo wa kiwango hicho, hata mmoja tu, unaweza kuacha jeraha la maisha. Anayelenga kwa bega la kulia huumia zaidi sikio la kushoto, kwa sababu ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki. Ndani kabisa ya sikio, katika koklea, mna chembe zipatazo 15,000 zenye vinywele vinavyopokea sauti. Zikifa, mwili wa binadamu hauzioteshi tena. Za sauti nyembamba ndizo hutangulia, na ndiyo maana mzee huendelea kusikia ngoma na radi huku maneno ya mjukuu wake yakimpotea, akadhaniwa kuwa ana kiburi.

Ujuzi wa jambo hili ulikuwepo tayari. Mwaka 1886, mwaka uleule ambao kituo cha Stanley Falls kiliteketea katika mapigano kati ya Waarabu na Dola Huru ya Kongo ya Leopold, daktari Thomas Barr wa Glasgow aliwapima mafundi 100 waliokuwa wakigongea boila za chuma. Hakumpata hata mmoja mwenye usikivu kamili. Mwishoni mwa 1910 boila za garimoshi zilikuwa zikipita Maniema yenyewe: reli ya kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo ilifunguliwa, ng'ambo ya Lualaba ukitazama kutoka Kasongo. Karibu robo karne ilikuwa imepita tangu Barr atoe onyo lake.

Baada ya reli ikaja dhahabu. Namoya, katika eneo la Kabambare, Wabelgiji waliichimba hadi karibu na uhuru. Kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara hapo mwaka 2016, ikasimamisha kazi 2019. Pembeni, huko Salamabila, wachimbaji wadogo wameendelea kuvunja mawe. Nyundo ya upepo ya kutoboa mwamba hupita desibeli 100, na hesabu ya hatari haimhurumii mtu: kwa desibeli 85 sikio huvumilia saa 8 kwa siku, kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupungua nusu. Kwa 100 zinabaki dakika 15. Spika za baa na za kilio cha usiku kucha hazitofautiani na mashine katika hesabu hiyo. Wala vijana wenye visikilizio masikioni hawajasalimika: Shirika la Afya Duniani linashauri wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki nzima.

Wapo watakaosema kwamba mahali penye surua, malaria na bunduki, kelele ni jambo la anasa. Sikubaliani nao, na ushahidi ninautoa Kasongo yenyewe. Kuanzia mwaka 1971, kwa kushirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ulijengwa hapo mradi wa afya ya msingi uliokuja kujulikana duniani. Wauguzi walichanja watoto dhidi ya surua na kufuatilia maisha yao kwa uvumilivu mkubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet. Surua ni miongoni mwa magonjwa yanayoleta uziwi, kwa hiyo sindano ile ilikuwa kinga ya masikio pia. Kinga iliwezekana Kasongo wakati ambapo fedha zilikuwa chache.

Kinga ya kelele nayo haidai hospitali kubwa. Mahali pa wazi, jenereta iliyokuwa hatua 5 kutoka kwa wafanyakazi ikisogezwa hadi hatua 10, desibeli 6 hupungua na muda wa usalama unakuwa mara nne. Wanaoponda mawe wanaweza kupokezana badala ya mmoja kukaa kutwa. Vizibo vya sponji husokotwa vikawa vyembamba, sikio likavutwa juu kwa mkono wa pili, kisha kizibo kikaingizwa na kushikiliwa mpaka kifure. Pamba kavu haikingi vya kutosha. Na masikio yakilia jioni baada ya kazi, hiyo mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza, inayokuja mapema kuliko uziwi, wakati ambapo muuguzi wa kituo cha afya bado anaweza kumwambia mtu asogee mbali na mashine.