Silinda nane kwenye tope la Magara

Mwaka 1964 vijana wa Marekani walikuwa wameshikwa na homa ya magari yenye nguvu. Magari mawili yalipangwa sambamba kwenye njia iliyonyooka, ishara ikatolewa, madereva wakakanyaga mafuta, na baada ya mita 400 mshindi akajulikana. Mercury Comet lilikuwa miongoni mwa magari yaliyotamba, na Ronnie Sox na Don Nicholson walijipatia sifa kubwa wakiliendesha. Mwaka huohuo Comet likaletwa huku kwetu.

Waliolitengeneza walikuwa na sababu ya kujiamini. Mwaka 1963 walikuwa wameyazungusha magari ya aina hiyo katika uwanja wa Daytona, Florida, usiku na mchana, mpaka yakatimiza maili 100,000, yaani kilomita zipatazo 160,000. Sasa walitaka kuionyesha dunia kwamba gari lao linahimili hata Afrika Mashariki. Wakaliingiza kwenye mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yaliyokuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kufikia wakati huo yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimekolea.

Aliyesafiri kutoka Dodoma kwenda Arusha kabla ya lami hahitaji kusimuliwa maana ya mvua hizo. Njia ilipita Kondoa, Kolo, Bereku na Bonga hadi Babati, sehemu ya ile barabara kuu ya kutoka Cape hadi Cairo. Udongo mweusi wa mbugani ukiwa mkavu hupasuka nyufa. Ukilowa hunasa kama ulimbo. Tope hujaa kati ya tairi na bodi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na dereva hana budi kushuka alichokonoe kwa fimbo au kwa mikono. Makorongo ya Kondoa nayo yana hatari yake. Huwa ni mchanga mtupu, lakini mvua ikinyesha vilimani, maji hushuka ghafla na kukata njia.

Madereva wa Safari waliujua vizuri mlima Magara, kati ya Mbulu na Babati, wenye kona za kumtoa mtu jasho. Hapo nguvu ya injini peke yake haisaidii. Comet lilikuwa na silinda nane na ujazo wa lita 4.7, lakini kati ya Comet zilizoletwa ni mawili tu yaliyofika mwisho, yakishika nafasi ya 18 na ya 21. Mshindi alikuwa Peter Hughes akiendesha Ford Cortina, gari dogo kwa kulinganisha.

Mmoja wa wale wawili waliomaliza na Comet alikuwa Joginder Singh, fundi magari mzaliwa wa Kericho. Mwaka uliofuata alirudi na mdogo wake Jaswant, safari hii wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, wakashinda kwa tofauti ya dakika 100. Mimi namheshimu Joginder kuliko mabingwa wote wa mita 400, kwa sababu alilisikiliza gari kwa sikio la fundi na kujua lini alihurumie. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, akiwa na Mitsubishi Lancer.

Katikati ya miaka ya 1970 mashindano yakabaki Kenya peke yake. Leo kijana akisikia Safari anafikiria Naivasha, na sehemu yetu Watanzania katika historia hiyo inasahaulika. Ile barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa ikiwa na lami mwezi Aprili 2018. Basi linapita Kolo na Bereku bila abiria kuamka.

Waliokuwa watoto mwaka 1964 sasa wamevuka miaka 60, na mafundi wa wakati ule ni wazee zaidi. Kama nyumbani kwenu, iwe Mbulu, Babati, Kondoa au Dodoma, yupo aliyesimama kando ya njia magari yale yakipita, au aliyelisukuma moja likitoka topeni, keti naye wiki hii. Mrekodi kwa simu yako, uandike jina la kijiji na mwaka, na kama kuna picha ukutani, ipige nakala.