Mbuzi Kaliwa na Mgeni: Historia ya Haki na Mamluki Kwenye Pool za Kinondoni na Temeke

JUMAPILI jioni, baa yoyote yenye meza ya pool, anzia Mbagala mpaka Tegeta. Mbuzi kafungwa kwenye nguzo anatafuna majani yake, hana habari. Karatasi ya droo imebandikwa ukutani, majina 16, kila mmoja kashatoa kiingilio. Muuza genge yumo, konda wa daladala yumo, fundi simu yumo. Yumo na dereva boda mmoja ambaye hela aliyotoa ndo hesabu ya kumpelekea bosi wake kesho asubuhi.

Basi anatokea jamaa mgeni. Mpole, fimbo kaishika kama kashika ufagio. Anajaribu mipira miwili, yote inagonga ukingo, watu wanacheka. Wenye mashindano wanamwonea huruma: "Huyu tumpe nafuu, yeye ashinde gemu tatu, wenzake tano." Saa nne usiku mbuzi anapakiwa kwenye bajaji, anaondoka na mgeni. Hapo ndo mzee mmoja wa pembeni anakumbuka: "Jamani, huyu si ndo yule aliyekuwa anacheza mashindano ya mkoa?"

Kashachelewa. Mbuzi kaenda, na hesabu ya bosi imeenda.

Kila mtaa una hadithi yake ya namna hii, zinatofautiana sura tu. Lakini swali lililopo nyuma yake ni moja: nani anaruhusiwa kucheza, na nani anastahili kupewa nafuu? Wengi wanadhani ni ugomvi wa walevi. Kumbe ni swali kongwe kuliko meza yenyewe.

NAFUU ILITOKA WAPI

Wazungu nafuu hii wanaiita handikapu. Neno lilianzia Uingereza, karne ya 17, kwenye mchezo wa kubadilishana vitu. Watu wawili wanataka kubadilishana mali, moja ina thamani kuliko nyingine. Wanamtafuta mtu wa tatu, anapima tofauti na kutaja nyongeza, na hela za dau zinakaa kwenye kofia. Baadaye neno likahamia kwenye mbio za farasi: farasi anayejulikana kwa mbio anabebeshwa uzito mkubwa, wa kawaida anabebeshwa mdogo.

Karne ya 19 wacheza biliadi wa Uingereza wakafanya hivyo hivyo. Bingwa anampa mpinzani wake pointi za kuanzia, ndipo mchezo unaanza. Bila hivyo nani angelipa hela kwenda kutazama mtu anachinjwa?

Sasa angalia jambo moja hapo. Kwenye kofia kuna mtu wa tatu. Kwenye farasi kuna mtu wa tatu. Nafuu haikuwahi kuwa huruma tu. Siku zote alikuwepo mpimaji, mtu asiyecheza, anayewajua wote wawili. Ukimwondoa huyo, nafuu inageuka kuwa mlango wa wizi.

MEZA INAFIKA USWAHILINI

Hapa Dar, kwa miaka mingi michezo ya meza na fimbo ilikuwa mambo ya klabu za wakubwa. Mambo yalibadilika baada ya mageuzi ya uchumi ya katikati ya miaka ya 1980, biashara binafsi zilipofunguliwa na baa zikaota kila kona. Kuanzia miaka ya 1990, na zaidi miaka ya 2000, meza ndogo za kutumbukiza sarafu zikaingia Manzese, Tandika, Mwananyamala, Kinondoni, mpaka vibanda visivyouza bia wala nini.

Meza ile ilikuja na sheria yake rahisi: anayeshinda anabaki, anayefungwa anakaa pembeni, mwingine anatumbukiza sarafu. Hiyo peke yake ilikuwa shule na ilikuwa daftari. Ukikaa kijiweni wiki mbili tu ulishajua nani mkali, nani wa kati, nani analipia wenzake wacheze.

Nafuu ya zamani ilitolewa kwa mdomo. "Njoo, nakupa miwili." Maana yake mipira yako miwili inatolewa mezani kabla ya kuanza, unabaki na mitano na nyeusi, mwenzako ana saba na nyeusi. Hakuna aliyeandika, na hakuna aliyehitaji kuandika. Mtunza meza anamjua kila mtu, anajua juzi ulifungwa na nani. Kumbukumbu ya kijiwe ndiyo ilikuwa mpimaji.

Mfumo huo ulikuwa na udhaifu mmoja tu. Ulifanya kazi kwa watu wanaojuana.

MIKOA MITATU NDANI YA JIJI MOJA

Baadaye ikaja hela ya udhamini. Bia ya Safari Lager, ya Kampuni ya Bia Tanzania (TBL), ikadhamini mashindano ya taifa ya pool, na Chama cha Pool Tanzania (TAPA) kikasimamia. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, msimu wa Safari Pool ukifika, blogu na magazeti yalijaa picha za vijana wameinama juu ya meza. Kulikuwa na timu, kulikuwa na mchezaji mmoja mmoja wanaume na wanawake, na baadaye yakaja mashindano ya vyuo vya elimu ya juu.

Kimichezo, Dar es Salaam haikuhesabiwa mkoa mmoja. Kinondoni mkoa wake, Ilala mkoa wake, Temeke mkoa wake, sawa na Mwanza, Arusha au Dodoma. Bingwa wa kila mkoa anakwenda fainali za taifa.

Kwenye vyuo, kujua nani anastahili ni rahisi: leta kitambulisho cha mwanafunzi. Lakini mtaani? Kijana analala Manzese, anafanya kazi Kariakoo, meza anayochezea kila siku ipo Tandika. Huyo wa Kinondoni, wa Ilala au wa Temeke? Nauli ya daladala moja inakuvusha "mkoa". Kijijini Dodoma hilo halipo, hapa lipo kila siku. Na mwaka 2016 ramani ikazidi kuchanganya, Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Manzese ambayo maisha yake yote ilikuwa Kinondoni ikajikuta ipo Ubungo.

Wabongo tuna neno la mchezaji anayeingizwa mahali asipohusika: mamluki. Tulilijua zamani kwenye michezo ya mashuleni na ya maofisini, pamoja na ndugu yake "kijeba", yule mwenye ndevu anayechezea timu ya watoto. Kwenye ndondo za mpira wa miguu nako, kumkuta mchezaji wa ligi kuu kwenye kiwanja cha vumbi si ajabu. Ila ndondo ina unafuu wake: anaonekana, anajulikana, watu wamejaa kumtazama yeye. Na hakuna anayempa magoli mawili ya kuanzia eti kwa sababu ni mgeni.

Kwenye pool ya mbuzi ndipo mambo mawili yalipogongana. Mashindano ya mkoa na taifa yaliwakutanisha wakali kwa wakali, hakuna nafuu. Yalitengeneza wachezaji wa hatari, waliosafiri na kuona meza za kila aina. Msimu ukiisha wale wakali hawakupotea. Walirudi uswahilini, na baadhi wakagundua kwamba mtaa wa tatu kutoka kwao hakuna anayewajua.

Tena mwaka 2016 serikali ya awamu ya tano ikakemea vijana wanaocheza pool saa za kazi, na mchezo ukazidi kuonekana wa wahuni. Kitu kikishaitwa uhuni, nani atahangaika kukiwekea kumbukumbu?

HESABU YA MBUZI

Wapo wanaosema, "Nafuu ni kitu kidogo, mkali atashinda tu." Tupige hesabu.

Chukua mkali na mtu wa kawaida. Tuseme kila wakicheza gemu tatu, mkali anashinda mbili. Wakicheza wa kwanza kufika tano, bila nafuu, huyu wa kawaida atashinda kama mara 14 tu kwenye mechi 100. Hapo si mashindano, ni mchango.

Sasa mpe nafuu: yeye afike tatu, mkali afike tano. Uwezo wake wa kushinda unapanda mpaka karibu mara 43 kwa 100. Hapo kuna mchezo. Mkali bado yupo juu kidogo, lakini dereva boda ana sababu ya kutoa hela yake.

Halafu weka mtu anayevunga. Uwezo wake ni sawasawa na wa mkali, ila kajifanya hajui, kapewa ile ile nafuu ya tatu kwa tano. Huyo atashinda kama mara 77 kwa 100. Kwenye droo ya watu 16, bingwa anashinda mechi nne. Akikutana na wakali wanne mfululizo, mtu wa kawaida halali mwenye nafuu yake atawapita wote kama mara 3 kwa 100. Anayevunga atawapita kama mara 36 kwa 100.

Kwa hiyo kosa dogo la kumpima mtu mmoja halibaki dogo. Linaongezeka kila mechi, na linalipwa na watu 15 waliokuja kwa nia njema.

MAREKANI WALIPITIA HUKU HUKU

Mwaka 1985 kijana kutoka Ufilipino aliingia kwenye mashindano mjini Houston kwa jina la Cesar Morales. Wamarekani hawakumjua, akashinda. Baadaye ikajulikana kuwa jina lake halisi ni Efren Reyes, mkali ambaye sifa zake zilikuwa zimetangulia ingawa sura yake haikujulikana. Leo anatajwa miongoni mwa wachezaji bora kuwahi kutokea duniani, na hadithi ile watu wanaisimulia wakicheka. Lakini wazo lilikuwa lile lile la mgeni wa mbuzi: jina likijulikana, faida inapotea.

Wenzetu hao walikuwa wameshaanza kutafuta dawa. Mwaka 1979 wachezaji wawili wa kulipwa, Terry Bell na Larry Hubbart, walianzisha ligi ya wacheza pool wa kawaida, na mwaka 1981 ikachukua jina la American Poolplayers Association. Kwenye gemu ya mipira minane kila mchezaji ana namba ya uwezo, kutoka 2 mpaka 7. Mwenye namba ndogo anahitaji gemu chache. Na timu ikichezesha watu watano, jumla ya namba zao isizidi 23, ili mtu asirundike wakali watupu.

Ila utamu upo kwenye karatasi ya matokeo. Haiandiki nani kashinda tu. Inaandika na zamu ngapi zimetumika, na pigo gani halikulenga kutumbukiza mpira. Ukikosa makusudi, anayeandika anaweka alama, na pigo lile halikusaidii kuonekana hujui. Kuvunga kunakuwa kazi ngumu, maana inabidi uvunge miezi na miezi mbele ya watu wanaoandika.

Hata hivyo wanaovunga wapo mpaka leo. Karatasi haimfanyi mtu kuwa mwaminifu, inampunguzia nafasi tu.

MKALI NAYE ANA HAKI

Hapa kuna upande ambao vijiweni hausemwi. Baa nyingi zikishaumizwa zinafanya moja kati ya mawili: zinafunga milango, "wageni hawachezi," au zinamkataa kila anayejulikana kwa ukali. Yote mawili ni dhuluma nyingine. Kijana amejifunza meza miaka saba, hajaficha jina, hajavunga, anaambiwa akae pembeni kwa sababu anajua. Akikataliwa mara tatu kwa kusema ukweli, mara ya nne atakwenda mtaa wa mbali na kushika fimbo kama ufagio. Yaani sisi wenyewe ndo tumemfundisha.

Na nafuu ikizidi nayo inaharibu. Ukimpa mtu nafuu mwaka mzima bila kumpima upya, hana sababu ya kujifunza. Kufungwa ndo ada ya shule yake.

Dawa haihitaji kompyuta ya Marekani. Inahitaji kauntabuku moja kaunta, picha ya kila mchezaji kwenye simu, na matokeo kuandikwa kila Jumapili. Mgeni karibu, acheze, lakini asipewe nafuu mpaka aonekane mezani mara kadhaa. Akishinda mashindano, nafuu yake ipungue. Mwenye kauntabuku asiwe mchezaji siku hiyo. Na baa za jirani zipeane picha, kwa sababu anayekula mbuzi wa Mbagala leo, Jumapili ijayo yupo Mbezi.

Hicho ndicho kijiwe cha zamani kilichokuwa nacho bila kujua: mtu asiyecheza, anayekumbuka. Jiji limekuwa kubwa kuliko kumbukumbu ya mtu mmoja, basi kumbukumbu iandikwe.

Dereva boda yule atarudi Jumapili. Huwa wanarudi. Swali lipo kwa wenye mashindano: kabla hujachukua hela yake, mtaani kwako anayepima ni nani?