Mlinzi wa Masanduku 39

Wakubwa wanapokimbia nchi iliyoshindwa vitani, mara nyingi twasikia kwamba wamechukua dhahabu ya serikali, wala dhahabu hiyo haionekani tena. Leo tunasimulia habari za mwanasiasa aliyekimbia na mali ya taifa lake, akailinda ugenini miaka 24, kisha akairudisha kwao. Jina lake Ekvtime Takaishvili, mtu wa Georgia.

Twasema Georgia ya milima ya Kaukazi, kando ya Bahari Nyeusi, si lile jimbo la Marekani. Watu wake walipokea Ukristu katika karne ya 4 kwa mahubiri ya mwanamke, Mtakatifu Nino. Tangu hapo mafundi wao walitengeneza misalaba na sanamu takatifu za dhahabu na fedha, na wamonaki walinakili Injili juu ya ngozi. Mwaka 1801 Kaisari wa Urusi aliinyakua nchi, na miaka kumi baadaye Kanisa lao nalo likawekwa chini ya Warusi. Basi vitu hivyo vya kale havikuwa mapambo tu. Vilikuwa ushahidi kwamba Wageorgia ni taifa.

Takaishvili alizaliwa mwaka 1863 katika kijiji cha Likhauri. Alisoma katika chuo kikuu cha Saint Petersburg, akarudi Tbilisi kufundisha. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa kuzunguka vijijini na katika monasteri, akichimbua magofu, akinakili maandishi ya mawe na kuandika hesabu ya vitu vya kanisa. Siasa ilimjia kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1917 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Kitaifa cha Kidemokrasi. Georgia ilijitangaza huru tarehe 26 Mei 1918. Katika Bunge la Katiba la mwaka 1919 Takaishvili akawa makamu wa mwenyekiti, ijapokuwa chama chake kilikuwa kidogo na waliotawala ni Wasosialisti wa Noe Zhordania.

Uhuru ule haukutimiza miaka mitatu. Mei 1920 Wabolsheviki wa Moscow walitia sahihi mkataba wa kuutambua. Februari 1921 jeshi lao likavuka mpaka, na tarehe 25 likaingia Tbilisi. Hazina za makumbusho, za monasteri za Gelati na Martvili na za jumba la Zugdidi, zilifungwa katika masanduku 39 na kupelekwa bandari ya Batumi. Tarehe 11 Machi meli ya Kifaransa, Ernest Renan, iling'oa nanga kwenda Marseille. Takaishvili, mwenye miaka 58, alisafiri na masanduku yake.

Hazina ikawekwa katika banki. Mlinzi wake aliishi Leuville, karibu na Paris, ambako wakimbizi wa Georgia walikuwa wamenunua jumba la zamani. Alikuwa maskini kabisa. Makumbusho ya Ulaya yalitaka kununua, na kitu kimoja tu kingemlisha miaka mingi. Hakuuza. Binti wa ukoo wa Dadiani, waliokuwa watawala wa Zugdidi, alimshtaki Ufaransa akidai urithi wake. Mzee alisimama mbele ya mahakama akashinda. Mkewe Nino alikufa mwaka 1931, wala hakuiona tena Georgia. Vita vikaja, Wajerumani wakaiteka Paris, masanduku yakasalimika.

Sasa twafika kwenye neno gumu. Mwishoni mwa mwaka 1944, Ufaransa ilipokwisha kukombolewa, Takaishvili alikubaliana na balozi wa Moscow kuirudisha hazina. Mtu aweza kuuliza: je, huku si kumkabidhi ufunguo yule yule aliyevunja mlango? Watawala walikuwa wale wale waliomfukuza, na mkuu wao, Stalin, alikuwa Mgeorgia. Lakini sisi twaona mzee alipambanua vema kati ya watawala na wenye mali. Alikuwa amekwisha kupita miaka 80. Angekufa yeye, nani angesimama tena mahakamani kwa ajili ya masanduku yale?

Tarehe 11 Aprili 1945 ndege iliyobeba hazina na mlinzi wake ilitua Tbilisi. Mwanzoni alipewa heshima na nafasi ya kufundisha. Baadaye alitengwa, nyumba yake ikawa chini ya macho ya polisi, na binti aliyemlea akatiwa gerezani. Alikufa tarehe 21 Februari 1953, mwenye miaka 90, na waliomsindikiza kaburini walikuwa wachache. Zhordania alikuwa amekufa Paris mwezi wa Januari. Stalin akawafuata tarehe 5 Machi.

Mwaka 2002 Kanisa la Kiorthodoksi la Georgia lilimhesabu Takaishvili kati ya watakatifu wake. Vitu vya masanduku 39 vinatunzwa katika Makumbusho ya Taifa, Tbilisi.